Koo la Mpiga Filimbi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kijiko. Wasichana tulioanza pamoja katika hospitali ya serikali pale Shinyanga walipewa mabeseni na mashuka. Mimi nilikuwa nimetoka sekondari na sikujua kunyamaza, basi Sista Mkuu, Mzungu mrefu aliyetembea kama anapima sakafu, akanipeleka kwa Mganga Msaidizi katika wodi ya watu wasioweza kula. Akasema huyu ataweza kubishana na wagonjwa.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee. Mimi sijazeeka, binti yangu Kabula hajaanza hata shule. Lakini kazi yangu ilikatwa, nami nitaeleza ilivyokatwa. Ninyi mnaoingia wodini sasa mnafundishwa mambo mengi mazuri, isipokuwa kushuku. Hilo nitawafundisha mimi.

Mganga Msaidizi alikuwa mzee wa Kitanga, ndevu zake zimechongwa vizuri. Nilimpa shikamoo yake, akaitikia, kisha akanionyesha mgonjwa aliyepooza upande mmoja.

"Mwulize kama anameza."

Nikauliza. Mgonjwa akasema anameza vizuri sana.

"Sasa mpe maji."

Nikampa kijiko kimoja. Maji mengine yakarudi pembeni mwa mdomo, mengine yakampalia, akakohoa mpaka macho yakamtoka.

"Wote husema wanameza," Mganga akasema. "Mtu huona aibu kushindwa na maji. Koo haliulizwi kwa maneno, binti. Linaulizwa kwa vidole."

Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Mgonjwa anakalishwa wima, kidevu kimeinama kidogo. Unaweka vidole viwili taratibu juu ya kikoromeo, lile fundo la mbele ya shingo, kisha unampa kijiko cha maji safi. Akimeza sawasawa, kikoromeo kinapanda upesi na kushuka. Kikichelewa, ujue maji yamesimama njia panda, maana pale koo linagawanyika: nyuma ni umio, mrija wa chakula, na mbele ni njia ya pumzi. Halafu unamwambia ataje jina lake. Sauti ikitoka kavu, vema. Ikitoka na majimaji, kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi, basi maji yamekaa mlangoni mwa pumzi na mwenyewe hana habari. Baada ya maji unajaribu uji mzito, na baada ya uji, tonge la ugali. Lazima ukumbuke kipi kilipita na kipi kiligoma, kwa sababu Mganga alikuwa na kanuni aliyoirudia hata akiwa anakula yeye mwenyewe: kitu kikikwama kwenye umio, maji hupita na tonge hugoma. Koo likilegea, tonge huweza kupita, na maji ndiyo hugoma.

Kushuku nilifundishwa na waleta wagonjwa. Bibi mmoja alileta mjukuu aliyelia kila akinyonya, akaapa kwamba mtoto hajaguswa na mtu. Nikafungua kinywa kwa mpini wa kijiko, kimio hakipo. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo. Huku kwetu mtoto akikohoa sana husemwa kimio kimerefuka, akapelekwa kwa fundi kukatwa. Nilipomwonyesha bibi kidonda, alisema labda mtoto amekimeza mwenyewe. Nilicheka, kisha nikamfokea. Mganga akanivuta pembeni. Alisema anayefokewa hufunga mdomo, na anayejua kisu cha fundi kilikuwa na kutu au hakikuwa nayo ni bibi yule peke yake. Kwanza upate ukweli, kufoka baadaye. Ushauri huo nimeufuata mara moja tu maishani.

Nilipokwisha kuolewa na kumzaa Kabula, mume wangu, dereva wa lori, alipata kazi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita. Nami nikaajiriwa katika zahanati ya mgodi chini ya Dresa Mkuu. Dresa kwa asili ni mfunga vidonda, lakini daktari alikuja mara chache, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa kila kitu. Alikuwa mtu mpole, mwoga wa kila aliyevaa kofia ngumu. Tuliishi katika nyumba za safu za wafanyakazi. Jirani yangu Ng'washi alinilelea Kabula nikiwa kazini. Mumewe, Masanja, alichimba chini ya ardhi, na Jumapili alipiga filimbi katika ngoma ya Bagika.

Pale mgodini kila mtu alimshuku mwenzake. Wakitoka shimoni walikaguliwa nywele, makwapa, hata katikati ya vidole vya miguu. Aliyeshukiwa kumeza dhahabu alimezeshwa mafuta ya nyonyo ili aharishe, akafungiwa katika kijumba chenye ndoo, askari akangoja mlangoni. Watani walikiita kijumba kile Benki.

Asubuhi moja nilifika zahanati nikamkuta Masanja ameketi kwenye benchi, askari ubavuni, na Nyapara Mkuu, msimamizi wa wachimbaji, amesimama mbele yake. Nyapara alisema amemwona langoni akipeleka mkono mdomoni, kisha akanywa maji, akapaliwa, maji yakamtoka puani. Dhahabu imemkwama kooni huyo. Alitaka chupa ya nyonyo na watu wa kumshika.

Masanja alisema alikuwa anafuta mdomo tu. Sauti yake ilipitia puani, kama ya mtu mwenye mafua makali. Sikumwamini. Aliyeiba husema vivyo hivyo. Lakini sikumwamini Nyapara pia, maana yeye alikuwa Mgalu. Kwa asiyewajua Wasukuma: Bagalu na Bagika ni pande mbili za ngoma, hushindana baada ya mavuno, na upande unaovuta watu wengi ndio unaoshinda. Mavuno yaliyopita watu wote walikimbilia filimbi ya Masanja, Nyapara akabaki anachezea vumbi. Mtu hasahau jambo kama hilo.

Nikawaambia wangoje nimpime. Nilimpa kijiko cha maji. Kikoromeo kilipanda vizuri, lakini maji yakatoka puani, mengine yakampalia. Alipotaja jina lake, sauti ilitoka mtungini. Nikaomba ugali kwa mpishi, nikauchovya kwenye maziwa ya mgando, nikampa. Ukapita bila taabu.

Nyapara akajipiga kofi pajani. "Umeona, Mama Kabula? Maji yanakataa, ugali unakubali. Koo la namna hiyo umeliona wapi? Anaigiza huyu."

"Anayeigiza angekataa na ugali pia," nikamwambia. "Na dhahabu ingekuwa imekwama, ugali ndio ungegoma."

"Wewe ni jirani yake."

Hapo alinipata. Dresa Mkuu alikwishashika chupa. Nikamweleza kwamba mtu anayepaliwa na maji, ukimlaza ukammiminia mafuta kwa nguvu, mafuta hayaendi tumboni. Yanakwenda mapafuni, na yakifika huko hayatoki. Atashikwa na homa, atahema kama mbwa aliyetoka mbio, atakufa, na ndoo itabaki tupu. Dresa akanijibu kwa sauti ndogo kwamba agizo ni agizo.

Nikamsogeza Masanja dirishani, nikamwambia afungue mdomo aseme aaa. Kimio kilikuwepo. Lakini kaakaa laini, lile pazia la nyuma linalopaswa kupanda na kuziba njia ya pua, lilining'inia kama nguo mbichi. Hali hiyo nilikuwa nimeiona Shinyanga kwa watoto waliopona dondakoo, ugonjwa unaotanda utando wa kijivu kooni. Utando ukiondoka mgonjwa hudhani amepona. Majuma kadhaa baadaye kaakaa linalegea.

Nikahesabu majuma nyuma. Mwezi uliopita Kabula alikuwa na homa na alikataa kula, na Ng'washi aliniambia ni meno.

"Uliumwa koo?"

"Hapana, mayu," akasema. Mayu kwa Kisukuma ni mama, na aliitamka kwa adabu yote.

Nilitaka kumpiga kwa kijiko. Nilijua kwa nini anaficha. Mwenye dondakoo alipelekwa karantini, kambi ya kutengwa nyuma ya kilima, yeye na nyumba yake nzima, na nafasi yake shimoni akapewa mwingine. Nikamkumbuka bibi wa kimio. Nikashusha sauti, nikamwambia polepole kwamba chupa ile itamwua leo, na sina cha kuizuia isipokuwa ukweli wake. Nikamwambia pia kwamba mwanangu hulala mchana kwenye mkeka wake.

Akatazama sakafu. "Niliumwa," akasema. "Ng'washi akanisukutulisha maji ya chumvi, tukanyamaza. Wangenifukuza."

"Na mwanangu?"



Nyapara alisema ungamo hilo limekuja kwa wakati mzuri mno. Ningekuwa yeye, ningesema hivyo hivyo. Ushahidi wangu wote ulikuwa ndani ya kinywa cha mtuhumiwa, na maneno yake yalitoka humo humo. Askari akaanza kukunja mikono ya shati.

Ndipo nilipoiona filimbi, imening'inia kwa kamba shingoni mwa Masanja kama kawaida yake. Nikamwambia apige.

Akatikisa kichwa. Akamtazama Nyapara, kisha mimi, na nikaona hofu usoni mwake ambayo sikuiona alipotazama chupa. "Si mbele ya huyu," akasema.

"Piga."

Akapuliza. Mashavu hayakujaa. Pumzi yote ilitoka puani pamoja na kamasi, na filimbi ikatoa upepo mtupu. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Nyapara alianza kucheka, kisha akaacha, na nikaona anavyofikiri. Mgika anaweza kuigiza homa, anaweza kuigiza kupaliwa, anaweza hata kuigiza kufa ili akwepe zamu. Kushindwa filimbi mbele ya Mgalu hawezi kuigiza, hata umpe kilima kile chote na dhahabu iliyomo. Nyapara alilijua hilo kuliko mimi.

Nikambana Masanja pua kwa vidole. "Puliza sasa."

Filimbi ikalia kwa ukali mpaka askari akaruka. Nikaachia pua, ikafa. Nikabana, ikalia.

"Weka chupa," Nyapara akamwambia Dresa Mkuu. Alipofika mlangoni akageuka, akamsemesha Masanja kama mtu aliyedhulumiwa. "Upone upesi. Mimi simshindi mtu anayepulizia puani."

Kama kulikuwa na dhahabu tumboni mwa Masanja sijui hadi leo. Sikuulizwa, na sikujitolea kuangalia.

Daktari alipokuja akakubali kuwa ni dondakoo. Bwana Meneja, mkubwa wa mgodi, akaamuru karantini kwa nyumba ya Masanja, kwa mtoto aliyelelewa humo, na kwa mama wa mtoto. Mume wangu alituletea unga mpaka kwenye kamba ya mpaka, akauacha hapo. Huko karantini nilipika uji mzito nikamlisha Masanja kijiko kwa kijiko, kidevu chini, bila kumwambia neno jema hata moja. Ng'washi alilia akaomba msamaha. Nilimwambia alie akiwa amekaa mbali na mwanangu. Nilijua kwamba kama homa ile ya Kabula haikuwa meno, kaakaa lake nalo lingelegea siku yoyote. Kila kulipokucha nilimkalisha wima, nikampa kijiko cha maji, nikatazama pua yake.

Tulipotolewa, Masanja alirudishwa kazini, juu ya ardhi. Mimi, Bwana Meneja aliniambia kwa Kiingereza kwamba zahanati haiwezi kumweka mama ambaye mtoto wake ataleta maradhi. Nikae nyumbani nilee. Maradhi yalitoka kwenye nyumba zake za safu, kwa mtu wake, aliyeyaficha kwa kuogopa amri yake, na eti aliyeyaleta akawa Kabula. Dresa Mkuu alinitafsiria maneno hayo ingawa niliyaelewa vizuri, na hakupepesa jicho. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Sasa tunaishi Ibadakuli, kule kule Shinyanga. Watu huniletea watoto wao nyumbani, nami huwapima, na waleta watoto bado wananidanganya. Washukuni, wasichana. Mshukuni mgonjwa, mshukuni aliyemleta, na mshukuni zaidi anayewapa agizo. Lakini mtu akiwaficha jambo, jiulizeni kusema kungemgharimu nini, na ni nani aliyeipanga gharama hiyo. Huyo ndiye wa kufokewa.

Asubuhi moja karantini, siku chache kabla hatujatolewa, nilisikia filimbi. Sikuamini. Nilidhani Ng'washi anambana mumewe pua, nikazunguka nyuma ya kibanda kuhakikisha. Ng'washi alikuwa kisimani. Masanja alikaa peke yake juu ya jiwe, mikono yake yote miwili kwenye filimbi, mashavu yamejaa.

Nikarudi kuchukua maji na kijiko. Nikamwekea vidole shingoni, akameza, nikatazama pua.

"Taja jina lako."

"Masanja."

Sauti ilitoka kavu. Nikamwambia arudie, akarudia, akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwondoa juu ya jiwe, nikamkalisha Kabula hapo, nikatoa kijiko chake mwenyewe na kumpa maji.

"Unaitwa nani?"

"Kabula."

Nikamwambia arudie. Hata leo asubuhi, kabla sijakaa kuandika haya, nimemwambia arudie.