Tope Baina ya Sakafu

Tarehe sita Mfunguo Tano, mwaka jana, nilifiwa na mume wangu. Nikaingia eda nyumbani kwetu, mtaa wa Ghala, kando ya wadi, bonde ambalo takriban mwaka mzima huwa kavu.

Mume wangu alikuwa dereva wa watu wanaochimba mambo ya kale. Aliwapeleka pwani ya mashariki, walikokuwa wakiokota vigae vya mitungi iliyotoka bonde la mto Indus, zamani sana. Mimi nimesoma kidogo. Najua aliyonihadithia yeye tu. Alisema kuna waliodhani miji ya bonde lile ililetwa na wageni, imeshakamilika. Kisha huko bondeni wakachimba chini zaidi. Wakakuta sakafu chini ya sakafu, na chini kabisa vijumba vya udongo na punje za shayiri zilizoungua. Watu walianzia palepale, kijiji juu ya kijiji. Pengine baina ya sakafu palikuwa na tabaka la tope laini, halina kigae wala mfupa.

"Hilo si la watu," aliniambia. "Hapo mto umeingia ndani."

Nilikuwa nakaanga samaki. Nilimsikiliza nusu nusu.

Mwezi wa tatu wa eda ikatangazwa mvua kubwa. Asubuhi akaja binti yangu, anayekaa Matrah, nyumba ya mlimani.

"Mama, vaa buibui twende."

"Nna eda, mwanangu. Sitoki."

"Sheikh nimempigia simu. Kasema penye khofu unaweza kuhama."

"Mimi sina khofu."

"Huna khofu! Mjusi akipita tu unapiga kelele mtaa mzima utoke nje."

Sikucheka. Marehemu nilimuahidi kuwa eda yake nitaikalia humu humu, alimolala yeye. Sikuwa na jengine la kumfanyia.

Binti yangu akaingia jikoni kutia maji ya chai. Mimi nikapanda juu ya paa kuanua nguo. Jirani alikuwa akichimbisha shimo la tangi, na mafundi walishaondoka kwa ajili ya mvua. Ukuta wa shimo ulinitazama. Juu, udongo wa kawaida, una vipande vya marumaru na mfuniko wa sufuria. Chini yake tope la manjano, laini, nene, halina kitu. Chini ya tope, sakafu ya saruji. Chini ya sakafu, tope tena.

Tulipokinunua kiwanja chetu tuliambiwa hapa hapajapata kukaa mtu.

Nikasimama na nguo mikononi. Upande wa milimani mbingu ilikuwa nyeusi. Kwetu halijadondoka hata tone, wala hakukuwa na ndege.

Nikashuka.

"Zima jiko, twende."

"Kumekuwaje tena?"

"Twende, nimesema."

Nilifunga mlango kwa ufunguo. Alasiri wadi ikashuka na maji ya milimani.

Maji yalipopungua mkwe wangu akaenda kutazama, akapiga simu. Alisema ufunguo unazunguka, lakini mlango hausukumiki. Tope limeujaza ukumbi mpaka usawa wa dirisha. Binti yangu akaniuliza, amwambie mumewe auvunje?

Nikamwambia auache, arudi; hapo mto umeingia ndani.