Mkwe Atoke Nje Kwanza

Siku ya kwanza kuingia kazini hospitali pale Mpanda, miaka ya tisini inaanza, Matroni alinikabidhi fagio na kalamu nyekundu. Fagio nililijua. Kalamu ilinitisha, maana shule nilifukuzwa na nyuki darasa la pili, sikurudi tena.

"Huhitaji kusoma," akasema. "Mgonjwa akisema kuna dawa inamkataa, niite. Nikihakikisha, naandika jina la dawa, wewe unapiga msalaba kwenye faili lake. Mkubwa, hata kipofu auone."

Nilipiga misalaba mpaka Daktari Mkuu akauliza kama tumefungua kanisa.

Nyie vijana mnasema aleji, vitabuni wanaandika mzio. Ni mwili kugombana na dawa: huyu anawashwa, huyu anavimba, mwingine pumzi inakata mnampoteza hapo hapo. Lakini siyo kila anayesema inamkataa ni kweli. Sindano ya penisilini ilikuwa inauma! Nilishuhudia mwanaume mwenye ndevu anaruka dirisha, bomba bado limemganda takoni. Huyo siyo mzio, ni woga. Ndiyo maana Matroni alikuwa anauliza: ulivimba wapi? Ilianza baada ya muda gani? Woga haujui kujibu hayo.

Baadaye wakanihamishia kituo cha afya upande wa Usevya, kwetu sisi Wapimbwe, kwa vile Kisukuma nakijua na wafugaji Wasukuma walishajaa huko. Bosi wangu alikuwa Tabibu, mtu mpole, akianza sentensi unaweza kusinzia ukaamka hajaimaliza.

Siku moja akaja Mzee Lushinge na mkokoteni, ng'ombe wake wakubwa kama malori. Amemleta Kabula, mke wa mwanawe. Kichomi kimembana, anachemka, ungeweza kumwekea birika mgongoni.

"Muulize, penisilini haimkatai?" Tabibu akasema, huku anavuta dawa kwenye bomba.

Nikauliza kwa Kisukuma. Kabula hajafungua mdomo, mkwe wake kadakia: "Haimkatai! Mchomeni!"

Kabula akajifunika uso na kitenge. Vidole vinakisokota kile kitenge kama anakamua nguo. Nikashtuka. Mkwe wa kike hawezi kusimulia mwili wake mbele ya baba mkwe, bora afe. Na alikuwa anakaribia kufa kweli, maana bomba limeshajaa.

"Tabibu, ngoja kidogo."

"Nangoja nini, we bwana? Mama anaungua!"

Kumwambia mzee atoke asingekubali. Nikachungulia dirishani nikapiga ukelele: "Mzee Lushinge! Ng'ombe wako wanamaliza mahindi ya Tabibu!"

Mzee aliruka, miguu haikugusa chini mpaka getini. Tabibu naye akataka kukimbilia mahindi yake, nikamdaka koti.

"Sema sasa, dada," nikamwambia Kabula.

Akanong'ona. "Nilichomwa hiyo nikiwa na mimba, kaka. Nikavimba mapaja, na huku chini kote. Halafu koo likabana."

Tabibu akaliweka bomba chini taratibu, akatafuta dawa ya ukoo mwingine kabisa. Mimi nikapiga msalaba, karatasi ikakaribia kutoboka. Kabula akapona.

Mzee alirudi anahema. "We Mpimbwe mwongo! Ng'ombe wangu wamelala wanacheua!"

"Shikamoo, baba. Nilifananisha."

Tabibu akamweleza. Mzee akatazama chini, akasema tu, "Kumbe."

Masika yaliyofuata zamu ikageuka: Kabula ndiye kamleta mzee kwa baiskeli, mguu una jipu. Tabibu kashika vidonge vya salfa. Nikauliza kama kuna dawa inamkataa.

"Baba hana shida na dawa yoyote," Kabula akajibu.

Mzee akakohoa, anatazama dari. "Kijana, ng'ombe wangu hawali mahindi huko nje?"

"Baba, mbona mmekuja na baiskeli?"

"Nimesema wanakula! Mwambie mkwe wangu akawafukuze."

Kabula akatoka, kitenge mdomoni, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Sasa nimestaafu, nalima mpunga, na mpunga wangu ni mrefu twiga wanajificha. Nikipita kituoni naona vijana wanajaza majina ya dawa, nawauliza kitu kimoja: aliyejibu ni mgonjwa, au aliyemleta?

Mahali ambapo salfa ilimvimbisha Mzee Lushinge sitaki paandikwe hapa. Kabula siku hizi anajua kusoma.