Udongo Mweupe wa Mlali

Magdalena alikuwa akifinyanga vyungu pale Mlali tangu mdogo wake Felista hajaota meno, na ndiye aliyemfundisha kazi. Lakini kufika mwaka 1956, wanunuzi kutoka Morogoro mjini walikuwa wakiulizia kwanza vyungu vya Felista. Magdalena alikuwa akitabasamu tu, huku kifua kikimwaka.

Mwaka huo akaja Mzungu mmoja mtaalamu wa miamba, pamoja na mkalimani wake, Ahmadi. Walipiga hema chini ya mlima, mahali ambapo ardhi imekatika kama ngazi. Ahmadi akawaeleza wenyeji kwamba hapo pana ufa mrefu unaokwenda mbali sana, na kwamba upande wa bondeni unashuka kidogo kidogo. Bwana wake alitaka kujua umeshuka kiasi gani, na kwa miaka mingapi.

Shimo la udongo la ukoo wa mama yao lilikuwa hapohapo, upande wa juu. Kabla Magdalena hajafungua kinywa, Felista alikwisha kumwonyesha mgeni tabaka la udongo mweupe na makaa ya kale yaliyolala chini yake. Mzungu akafurahi sana. Makaa yangepelekwa Ulaya kupimwa umri. Sasa likipatikana tabaka lilelile upande wa bondeni, tofauti ya kimo ingemwambia ardhi imeshuka kiasi gani. Akaandika jina la Felista katika daftari lake. Magdalena akaitazama ile kalamu ikitembea, akatamani kuivunja.

Vibarua wakachimba bondeni. Walipofika kina cha pima moja, kama kimo cha mtu mzima, ukatokea udongo mweupe, na Felista akasema ndio wenyewe. Magdalena akachukua donge, akalitia mdomoni. Likakwaruza meno. Ule ulikuwa na mchanga, tofauti na wa juu, na vyungu vya udongo kama huo hupasuka motoni. Akatema kando, asimwambie mtu.

Siku tatu alitembea na siri hiyo akiionea utamu. Mdogo wake alisifiwa kwa kosa, na yeye peke yake alilijua. Ila siku ya nne aliwaona watu wa hemani wakifunga mizigo, na utamu ukaisha ghafla. Wangeondoka, na hakuna ambaye angejua kamwe kwamba Felista alikosea. Akachukua madonge mawili, moja la juu na moja la bondeni, akaenda hemani.

“Shikamoo, mama,” Ahmadi akamsalimu.

“Marahaba. Mwambie bwana wako aume huu, kisha aume na huu. Si udongo mmoja. Achimbe tena.”

Mzungu aliuma yote mawili, akatema, akaamuru mizigo ifunguliwe. Walichimba siku mbili zaidi. Tabaka la kweli, laini kama siagi, na makaa chini yake, lilikuwa pima tatu chini ya lile la juu.

Majibu yalikuja mwaka 1958. Ahmadi alipanda basi hadi Mlali na barua, akawasomea wote wawili barazani, mbele ya majirani. Makaa yalikuwa na miaka zaidi ya elfu ishirini na tano, na kwa hesabu hiyo ardhi ya bondeni hushuka unene wa ukucha kwa kila miaka mitano. Mwisho wa barua, bwana alimshukuru yule fundi aliyeujua udongo kwa ulimi wake, Bi Felista.

Masikio ya Magdalena yalikuwa yakivuma.

“Hapo amekosea,” Felista akasema. “Mwandikie kwamba ni dada yangu. Mimi nilimpoteza njia. Andika sasa hivi, nione.”

Ahmadi akatoa kalamu, akaandika jina la Magdalena herufi kwa herufi. Watu waliokuwapo wakamsifu Felista kwa moyo wake mzuri. Magdalena akatazama chini. Alichokitaka alikuwa amekipata, na bado alimwonea mdogo wake wivu, safari hii kwa wema ule.