Litania ya Kaka Rwega

Asubuhi ile tulikuwa tunaanika dagaa. Kaka yangu Rwega alikuwa akiwatoa Muleba na kuwauza katika mji mmoja wa mashariki mwa Kongo. Nilipomaliza darasa la saba nilimfuata ili nimsaidie. Mvua ilikuwa imewalowesha, naye aliwageuza kwa viganja huku akiimba. Mama mmoja jirani akamtania, "We Mtanzania, dagaa wakisikia hiyo sauti watarudi ziwani."

Tulicheka. Mlio wa kwanza tulidhani ni lori limepasuka tairi.

Kisha watu wakaanza kukimbia, wengine wakija, wengine wakienda. Sikujua nani anapigana na nani. Hata leo sijui.

Rwega alinishika mkono mpaka darajani.

Darajani watu walisukumana.

Mkono ukachomoka.

Nilisikia mtu akiita, "Koku!" Ndilo jina langu. Labda alikuwa yeye. Labda nilitaka awe yeye. Umati ulinivusha, na sikuweza hata kugeuza shingo.

Nilifika Bukoba na watu nisiowafahamu, nikapokewa na shangazi yangu wa Buhembe. Rwega hakufika.

Kwa shangazi, binamu yangu Adela, anayesoma sekondari, alinitupia kitabu cha mashairi ya siku hizi. "Chukua, Koku, mimi yamenishinda. Hayana vina, hayana mizani. Mtu ameandika kama anakohoa."

Shule ya msingi tuliimba mashairi kwa pamoja, darasa zima. Hili nililofungua halikuimbika. Nilijaribu kila sauti niliyofundishwa, likakataa. Lilikuwa la mzazi asiyejua mwanawe yuko wapi. Sijui kama umekula. Sijui kama mvua imekukuta. Sijui kama uliniita. Mstari huo niliurudia mara tatu. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kutojua kiasi hicho na bado wakamchapishia kitabu. Siku hiyo nilimaliza chakula changu, mara ya kwanza tangu nifike.

Niliporudi nyumbani Muleba, ukoo ulikutana. Baba mdogo alitaka tuzike shina la mgomba kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, liwe badala ya Rwega, ili matanga yaishe. Mama alikataa. Alisema mwanawe hazikwi kama hakuna aliyemwona amekufa. Aliyekuwepo kule ni mimi tu.

"Koku," baba mdogo akasema, "sema mwanangu, usiogope. Alikufa au hakufa?"

Mbele za watu mimi hukauka mdomo. Nilikuwa na kile kitabu cha Adela mapajani. Nikakifungua, nikasoma mstari wa kwanza.

"Sijui kama umekula."

Bibi Leokadia, anayeongoza rozari na litania katika jumuiya yetu ya kanisa, akaitikia macho yamefumbwa, "Umwombee."

Sikujua nifanye nini. Nikasoma wa pili.

"Umwombee," wakaitikia wanawake wote.

"Jamani, hiyo si litania!" baba mdogo akasema. "Hicho ni kitabu cha shule!"

"Hebu nyamaza wewe," bibi akamjibu bila kufumbua macho. "Mbona inaitikika? Endelea, mjukuu wangu."

Niliendelea mpaka mwisho, na mwisho wenyewe hauna hata nukta. Baba mdogo akamgeukia mama. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Sasa shemeji, tungoje mpaka lini?"

"Sijui," mama akasema.

"Umwombee," wakaitikia. Nilimwona baba mdogo naye akichezesha midomo.

Hatukuzika mgomba. Watu walikula, wakaaga, wakaenda zao, na hakuna aliyejua kama ametoka msibani au la. Wengine waliofiwa wana kaburi la kupalilia. Sisi hatuna. Mama bado huacha mlango wa mbele bila komeo, na mimi sijui kama nimwambie aufunge. Kitabu hakijanijibu. Nakisoma polepole, kama ninavyosoma vyote, na nikifika mwisho wa ukurasa sijui zaidi ya nilivyojua mwanzoni. Kisha nainuka, naenda kumenya ndizi.