Radhi Niliyoiomba Nusu

Sauti ya kahawa kavu ikikokotwa kwa viganja juu ya wavu wa kichanja, krrr, halafu shaa, ndiyo iliyonilea. Bibi yangu aliigeuza chini ya migomba yetu ya Kilema, jua la saa nne likitoboa majani, nami wa miaka tisa nikakaa ubavuni pake nikichambua: punje nyeusi, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zote kwenye kopo. Bibi akikokota tu, utosini kwangu kilianza kutembea kitu kama siafu wasiouma, kikashuka shingoni, kikamwagika mgongoni mpaka vinyweleo vya mikono vikasimama. Raha yake sina kipimo. Nilipomweleza dada yangu, alisema nina chawa.

Mwaka huo mvua iligoma kuondoka, na kila jua lilikuwa la kugombaniwa. Siku moja nikafumba macho nisikilize vizuri, mikono ikaendelea na kazi bila mimi. Nzima nikazitia koponi, mbovu nikaziacha kichanjani. Gunia likapelekwa chama cha ushirika, na kesho yake likarudi kichwani kwa mama, limekataliwa. Mama hakufoka. Alikaa kizingitini akaitazama ile kahawa ambayo ndiyo ilikuwa sare zetu na madaftari yetu. Aliyefoka ni shangazi, dada wa baba, mwenye neno kwa kila jambo. Akasema mtoto anayelewa kelele ama ni mvivu ama kaingiwa na kitu, aombewe, na asikanyage tena kichanjani kwa Bibi. Nilihisi kama nimeambiwa nisile.

Kwetu aliyekosa huenda na jani la isale kwa aliyemkosea, na likishapokelewa, ugomvi umekwisha. Shangazi akanikatia moja mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, akanifundisha la kusema: nimeharibu kahawa, na nimeacha upuuzi wa kusikiliza. Nikapiga magoti.

"Mama, pokea isale. Nimeharibu kahawa, nisamehe."

"Malizia," shangazi akasema. "Na ule upuuzi?"

"Huo sijamkosea mtu, shangazi. Shikamoo."

Bibi akakohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. Mama aliliangalia jani mkononi mwangu mpaka magoti yakaniuma, kisha akalipokea. Akasema kesho nirudi kichanjani, ila macho wazi. Shangazi akajifunga kanga upya, akaenda zake. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole: lile gunia nililirudia punje kwa punje, siku tatu, huku Bibi akikokota pembeni, nami nikisisimka bila kuficha.

Leo nashona nguo kibarazani huku Rau. Bibi ametangulia, na mibuni mingi kule juu Kilema imeng'olewa. Vijana wenzangu wanaweka spika masikioni wakisikiliza watu wa kwenye simu wakinong'ona na kukwaruza brashi, eti wapate kusisimka walale, na hakuna anayewaombea. Kumbe tulikuwa wengi, tulitiwa aibu mmoja mmoja. Mimi mkasi ukipita kwenye kitenge kipya utosi unaamka, natabasamu peke yangu, na anayeuliza nacheka nini namwambia anyamaze kidogo asikilize. Juzi mteja mmoja, mama mtu mzima aliyekuja na haraka zake, alinyamaza kweli. Akajishika shingo.

"Hebu kata tena," akasema.