Picha Zilizorudi Bila Majina

Mtaani walimwita Mama Pacha, na jina hilo liliendelea kumfuata hata baada ya pacha mmoja kufariki. Mwanzoni kila lilipomtoka mtu mdomoni, mtu huyo alijiuma ulimi. Baadaye wakazoea, na yeye akawa anaitikia tu.

Alikuwa mshonaji wa mapazia. Mumewe, fundi umeme, hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kamera haikumtoka begani. Alipiga picha watoto, mvua, majirani, hata sufuria mpya ilipoingia ndani. Zote alizihifadhi kwenye kompyuta yake ya sebuleni.

Watoto walikuwa wasichana, wamefanana mno hivi kwamba bibi yao aliwaita "nyinyi" hata akimkuta mmoja peke yake, ili asikosee. Aliyetangulia kuzaliwa aliitwa Mkubwa, mwenzake Mdogo. Kabla hawajaanza shule walishikwa na homa kali pamoja, wakalazwa wodi moja, kitanda kimoja. Aliyerudi nyumbani ni Mkubwa tu.

Baada ya mazishi Mkubwa alikuwa akipanda kwenye kiti cha baba yake na kuzungumza na picha za mwenzake kwenye kompyuta. Alimsimulia habari za kutwa nzima, kisha akanyamaza kidogo, kama anayempa mwenzake nafasi ya kusema. Mama yake, aliyekuwa akimsikia kutoka kwenye cherehani, hakuweza kuvumilia.

"Zitoe," alimwambia mumewe. "Zote zenye Mdogo."

Mume hakubishana. Jambo lile halikutajwa tena ndani ya nyumba.

Miaka ikapita. Mkubwa akasoma, akawa mfamasia katika mji mwingine. Kisha baba akaanguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo, akafa, na mkewe alipotaka picha yake nzuri ya kutundika ukutani, kompyuta ikagoma kuwaka. Akaifunga kwenye shuka na kuipeleka kwa fundi kompyuta, mwanamke mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Aliporudi kuichukua, fundi alimvutia kiti kwanza.

"Diski ilikuwa imekufa, Mama, lakini picha nimezitoa, nimezihamishia kwenye diski hii mpya. Ni maelfu. Ila majina yamepotea, na tarehe pia. Kila moja ina namba tu."

"Nitazipanga. Nina muda."

Fundi alishika bisibisi, akaiweka chini. "Kuna jambo lingine. Programu niliyotumia kuzitoa haijui kipi kilipotea kwa bahati mbaya na kipi kilifutwa makusudi. Inarudisha vyote."

"Umeona nini?"

"Watoto wawili," fundi alisema.

Mama Pacha alikaa na diski mpya mkobani siku nyingi bila kuigusa. Mkubwa alipokuja likizo na kompyuta yake ndipo walipoketi pamoja mezani, adhuhuri, madirisha wazi. Walianza na zilizo rahisi: harusi, jengo jipya ambalo baba alilitia umeme, kuku wa jirani. Mama aliipata miaka kwa kutazama mapazia. Kila mwaka alibadilisha ya sebuleni, na hakuna kitambaa alichokisahau. "Haya ya maua mnatambaa. Haya ya kijani mmeshaanza kunificha mkasi." Wakacheka. Mkubwa akaandika mwaka, akatengeneza folda.

Kisha akatengeneza folda mbili nyingine, moja yake na moja ya mwenzake, na hapo kicheko kikakatika.

Mama alizoea kujisifu kwamba hajawahi kuwachanganya wanawe. Ilikuwa kweli, lakini alikuwa akiwajua kwa mwendo, kwa kikohozi, kwa namna mmoja alivyoburuta kandambili. Picha haitembei. Magauni alikuwa amewashonea kitambaa kimoja. Nyingine zilikuwa zimerudi nusu: paji la uso na macho, kisha kijivu mpaka chini. Macho yale yalimtazama, naye hakujua ni ya nani.

"Huyu ni mimi?" Mkubwa aliuliza.

"Ni wewe." Akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. "Ngoja. Sijui, mwanangu."

Mkubwa aliendelea kufungua, moja baada ya nyingine, polepole zaidi. Halafu mkono wake ukatulia.

"Mama, tulipokuwa wodini, nani aliwaambia aliyekufa ni Mdogo?"

Nje mtu alikuwa akipiga misumari.

"Niliwaona mwenyewe. Nilijua."

"Sawa."

"Wewe ni wewe."

"Sawa, Mama."

Lakini mama alikuwa ameikumbuka ile wodi: watoto wawili wamelala kimya, hakuna anayetembea, hakuna anayesema. Alijificha jikoni akasuuza vikombe vilivyokuwa safi.

Aliporudi alimkuta binti yake ameganda mbele ya picha moja. Watoto wawili wamesimama uso kwa uso, viganja vimegusana. Nyuma yao mapazia ya buluu yenye mistari. Mama aliyatambua. Yale aliyashona baada ya mazishi, akiwa kwenye eda ya mwanawe, kama mwenyewe alivyozoea kusema, ili mikono isikae bure.

"Haiwezekani," alisema. "Hayupo hapo. Tulishamzika."

Mkubwa akaikuza picha. Pembeni ya mtoto wa pili ukaonekana ukingo wa mbao, na kitasa. Ulikuwa mlango wa kabati la nguo, ule wenye kioo.

"Mlipoondoa picha nilihamia kwenye kabati," Mkubwa alisema. "Yeye alikuwa kule ndani. Nikimgusa, ananigusa. Baba alinikuta siku moja. Nilidhani atanifokea. Akapiga picha, akaketi chini karibu yangu, akamsalimia na yeye."

"Hakuniambia."

"Aliniomba nisikuambie. Alisema utaumia."

Mama alivuta kiti, akakaa. Alimwaza mumewe sakafuni mbele ya kabati, akimwamkia mtoto kwenye kioo, kisha akienda kuifuta picha ile ili mkewe asiione. Mkubwa alimshika mkono, na kwa muda mrefu hawakufungua picha nyingine.

Likizo ilipokwisha binti aliondoka na nakala ya kila kitu. Picha ya baba ilitundikwa ukutani. Miaka yote imepangwa vizuri, na ndugu wakitaka picha ya sherehe yoyote, Mama Pacha huipata upesi. Zimebaki zile za mtoto mmoja mmoja. Mchana, kazi ikipungua, huzifungua, huhamisha mbili tatu upande wa Mdogo, na hujisikia ametenda haki. Kesho yake huziangalia tena, na huzirudisha.