Tovuti Iliyowafungia Wazambia Nje

Baada ya wazazi wetu kufariki, niliacha shule kidato cha pili ili wadogo zangu waendelee. Kompyuta nilijifunzia Tunduma, mpakani na Zambia, kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa tovuti ya Alhaji, msafirishaji aliyekuja kutoka Tanga akabaki. Wateja wake wengi walikuwa Wazambia, na kazi yake ndiyo iliyokuwa ikitulisha nyumbani.

Wahuni wa mtandaoni walianza kubahatisha nywila yangu, nikaweka programu ya ulinzi. Iliniuliza watu wa nchi gani waruhusiwe kuingia. Nikaweka alama Tanzania peke yake, nikaenda kulala.

Asubuhi tovuti ilinikataa: huna ruhusa. Nikazima kompyuta, nikawasha, nikasafisha kivinjari. Wapi.

Alhaji akaingia dukani amenuna. "Wewe binti, mteja wangu wa ng'ambo, Nakonde, anasema nimefunga biashara. Nimefunga mimi?"

"Naishughulikia, Alhaji."

"Ikifika adhuhuri bado, kazi naipeleka Mbeya kwa vijana waliosomea."

Niliendelea kubonyeza. Yeye akatoa simu yake, akaitazama, akacheka. "Mbona kwangu inafunguka? Unanifunga kamba?"

Nikaomba niione. Kweli, malori yake yalikuwa pale yote.

Nikaangalia simu yake, yenye laini ya Tanzania, nikaangalia modemu yangu. Tunduma mtandao wa Zambia unavuka mpaka bila kugongewa muhuri, na karibu kila mtu alikuwa na laini mbili. Jana modemu ilikuwa na laini ya Tanzania. Asubuhi salio liliisha, nikatia ya Zambia kwa sababu vifurushi vyake ni nafuu. Basi tovuti iliniona mgeni, mimi pamoja na wateja wote wa Alhaji.

"Naomba laini yako kidogo."

"Na wake zangu wakipiga?"

"Watasubiri, Alhaji."

Nikaichomeka kwenye modemu. Nikaingia, nikaondoa sharti la nchi, nikaacha lile la kumfungia anayekosea nywila mara nyingi. Nikamrudishia laini yake, nikatia ya Zambia kujaribu. Ikafunguka.

Alhaji akapiga Nakonde, akasalimia kwa Kibemba. "Muli shani, bwana! Hebu fungua sasa." Akasikiliza. "Anaona. Anauliza lori la Lusaka linaondoka lini."

Hakunishukuru. Aliniagiza niongeze picha ya lori jipya, na lile lililopinda bampa nilitoe leo hii.